CV ya mtu wa miaka 46: Kipi kibaki, kipi kifutwe

*Wengi wanaobadili kazi wakiwa wamevuka miaka 40 wanaomba kwa mtindo uleule waliochapiwa walipomaliza shule. Serikali inataka kila kitu, sekta binafsi haina muda wa kusoma, na katikati yake uzoefu wa miaka 20 unapotea kwenye mstari mmoja.*

Ukurasa wa kwanza wa CV hii hauna kazi hata moja. Kuna jina kwa herufi kubwa, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, dini, uraia, namba ya NIDA na sanduku la posta. Chini yake kuna jedwali la elimu linaloanzia darasa la kwanza.

Kazi inaonekana ukurasa wa pili, katikati: "2003–2022, keshia, benki." Basi. Miaka 19 ya kushika fedha za watu imepewa nafasi ndogo kuliko shule ya msingi.

Ukurasa wa tatu umejaa semina, halafu "mambo ninayopenda": kusoma vitabu, kusikiliza muziki, kubadilishana mawazo. Wa nne una wadhamini watatu, mmoja wao alishastaafu na simu yake haipatikani.

CV hii si ya mtu mmoja. Nimeiunga kutokana na mtindo unaochapwa kila siku kwenye steshenari za mijini, zile zenye mashine ya kutoa kopi mlangoni na kijana wa kompyuta mwenye faili moja analobadilisha majina tu. Mhitimu wa miaka 24 haumdhuru sana, kwa kuwa hana mengi ya kueleza zaidi ya shule. Lakini mpe mama wa miaka 46 aliyetoka benki na anayetafuta kazi ya ofisa mikopo kwenye Saccos. Msomaji atafika ukurasa wa pili akiwa ameshachoka, na hatajua kwa nini amwite.

Kaunta zilivyopungua

Watu wa aina yake hawakufika hapo kwa uvivu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kulipa na kutuma fedha kulianza kuhama kutoka kaunta kwenda kwenye kibanda cha jirani. Mwaka 2013 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki, na kazi ambazo zilimhitaji mteja apange foleni mbele ya keshia zikaanza kufanywa na wakala mwenye mashine dukani.

Wengine walikumbwa na dhoruba ya siku moja. Januari 4, 2018 BoT ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera. Wafanyakazi wake walirudi sokoni wakati mmoja, wengi wakiwa na ujuzi unaofanana.

Ukiacha benki, wako walimu wanaostaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 na bado wana nguvu na ada za watoto za kulipa. Wako mafundi waliojifunzia kazi gereji, na kina mama waliolea watoto kwa miaka kumi huku wakiendesha biashara ambayo hawajawahi kuiita kazi mbele ya mwajiri.

Wote wanakutana na swali moja: unamwelezaje mtu asiyejua kazi yako ya zamani kwamba unaiweza hii mpya?

Mstari wa miaka 45

Kabla ya kuandika chochote, mwombaji wa umri huu anapaswa kujua anabisha mlango upi.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na sharti linalojulikana: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Yule keshia wa miaka 46 anaweza kuwa na CV nzuri kuliko zote na bado asifike kwenye usaili.

Hesabu ya pensheni inalifanya sharti hilo lieleweke. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na ili alipwe pensheni anahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60.

Upande wa pili wa hoja upo kwenye sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na umri umetajwa kwa jina. Kifungu hichohicho kinawahesabu pia watu ambao bado wanaomba kazi. Kinaacha nafasi kwa masharti ambayo kazi yenyewe inayadai, na hapo ndipo waajiri hujificha. Mwombaji aliyeachwa mara nyingi hapewi sababu kwa maandishi, kwa hiyo ni vigumu kujua kama umri ndio uliomponza.

Mashirika ya kimataifa yana hesabu tofauti. Umoja wa Mataifa umeweka ukomo wa utumishi kuwa miaka 65, hivyo kwao mtu wa miaka 46 bado ana karibu miongo miwili ya kazi.

Tofauti hii inagusa hata urefu wa CV. Serikali inaomba maelezo binafsi yanayojitosheleza, anwani na simu zinazopatikana, wadhamini watatu na vyeti vyote kuanzia kidato cha nne. Huko kuacha kitu ni kosa. Ukipeleka mzigo huohuo kwa kampuni binafsi au Saccos, umemwachia mtu mwenye maombi mia mezani kazi ya kukutafuta ndani ya karatasi zako. Hivyo anayebadili kazi anahitaji CV mbili: ndefu ya kuhifadhi, na ya kurasa mbili anayoichonga upya kwa kila tangazo.

> Serikali ukiacha kitu umekosea. Kampuni binafsi ukiweka kila kitu umejificha mwenyewe.

Keshia anajua nini?

Turudi kwenye ule mstari mmoja wa miaka 19. Kosa lake ni kwamba umetaja kiti tu, kazi haimo.

Keshia anaanza siku kwa kupokea fedha kwa saini na kuimaliza kwa kubalansi. Ikizidi au ikipungua hata shilingi elfu moja, haondoki kabla haijapatikana au kuandikiwa maelezo. Anatambua noti bandia kwa vidole. Analinganisha saini na sura ya mtu na kitambulisho chake. Anajua muamala unaotia shaka unaripotiwa kwa nani ndani ya tawi, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inailazimu benki kuuripoti. Na kila tarehe za mishahara anatuliza foleni ya watu wenye hasira.

Sasa tazama anakotaka kwenda. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka Saccos chini ya leseni na usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Chama kilichozoea kuendeshwa kwa daftari na kuaminiana sasa kinadaiwa taarifa, kumbukumbu za wanachama na udhibiti wa fedha. Ofisa mikopo anayejua kumkagua mteja na kufunga hesabu bila kusukumwa ni mtu anayetafutwa hapo. Tatizo ni kwamba CV haijamwambia hivyo mwenyekiti wa bodi.

Mstari ule ungeweza kusomeka hivi:

"Keshia, tawi la mjini, 2003–2022. Nilipokea na kulipa fedha taslimu na kufunga hesabu ya kaunta kila jioni. Nilikagua vitambulisho na fomu za wateja wapya. Nilifundisha makeshia wapya kutambua noti bandia. Tangu 2014 nilihudumia mawakala waliokuja kuweka na kuchukua floti."

Hakuna kilichoongezwa chumvi. Ni kazi ileile, ila imeandikwa kwa jicho la anayeajiri. Kama anakumbuka idadi ya wateja wa siku, au makeshia aliowafundisha, aiweke. Asipokuwa na uhakika aache, maana usaili huanzia hapohapo kwenye tarakimu.

Kuna jambo jingine ambalo CV ya kwanza ililificha kabisa. Mama huyu wa mfano wetu ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA tangu 2016. Amegawa mikopo, amefuatilia marejesho, amekaa na mwanakikundi aliyeshindwa kulipa hadi wakapanga upya. Hiyo ndiyo kazi ya ofisa mikopo, na ameifanya bila mshahara kwa miaka mingi. Kwa sheria ileile ya 2018 vikundi hivi husajiliwa kupitia halmashauri, kwa hiyo upo hata usajili wa kuonyesha.

Na baada ya 2022? CV ya zamani inanyamaza, kana kwamba alilala. Kumbe amekuwa wakala wa benki na fedha za simu, biashara ileile iliyopunguza kaunta za benki. Wengi wanaona aibu kuandika kibanda. Ukweli ni kwamba mwajiri akiona miaka kadhaa mitupu anafikiria mabaya. Akiona "wakala, 2022 hadi sasa, nasimamia floti na kumbukumbu za miamala" anaona mtu ambaye hajaacha kushika fedha.

Mambo haya matatu ndiyo ya kuweka juu kabisa, kwenye muhtasari wa mistari mitatu au minne chini ya jina: anatafuta nafasi gani, anakuja na nini, na kipi kinamuunganisha na kazi mpya. Shule ishuke chini. Darasa la kwanza liondoke. Dini na hali ya ndoa pia. Hazimsaidii mwajiri kupima kazi. Hata namba ya NIDA isubiri mpaka fomu iiombe. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na bado watu wanasambaza namba zao kwenye makundi ya WhatsApp ya ajira kama kadi za harusi.

Mwalimu mkuu aliyejenga madarasa

Mfano wa pili unanipendeza zaidi, kwa sababu mwenyewe mara nyingi hajui alichonacho.

Mwalimu mkuu anayestaafu kwa hiari anaandika: "Mwalimu, kisha mwalimu mkuu, 1992–2024. Kufundisha na kusimamia shule." Anaomba kazi ya mratibu wa mradi kwenye shirika lisilo la kiserikali, anaachwa, kisha anasema walitaka vijana.

Lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu huyu amepokea ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na kuitolea hesabu. Ameingiza mapato na matumizi kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule. Mwaka 2021 Serikali ilipoelekeza sehemu ya Sh1.3 trilioni za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwenye ujenzi wa madarasa 15,000, shule nyingi zilipewa Sh20 milioni kwa kila chumba na kujenga kwa kutumia mafundi wa eneo lao. Walimu wakuu ndio waliokaa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, wakahesabu mifuko ya saruji, wakabishana na fundi kuhusu nondo, na kukabidhi jengo kwa tarehe iliyopangwa na mkoa.

Huyo amesimamia mradi, bajeti, manunuzi na wadau. Ni yaleyale yanayoandikwa kwenye tangazo la mratibu. Alitakiwa kuandika idadi ya vyumba, fedha alizopewa, muda aliomaliza na hoja za ukaguzi kama zilikuwepo au hazikuwepo.

> Mwalimu mkuu aliyejenga madarasa mawili kwa Sh40 milioni ana uzoefu wa mradi. Kwenye CV yake ameandika "kusimamia shule".

Kwa fundi hali ni ngumu kidogo, kwa sababu ujuzi wake hauna karatasi. VETA ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anapewa mafunzo ya kuziba mapengo na kutunukiwa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Fundi umeme wa miaka 50 anayetaka kuajiriwa kiwandani au hotelini aanzie huko kabla ya kwenda steshenari.

Umri: ufiche au uuache?

Hapa washauri wa ajira na waombaji hawaelewani.

Kundi moja linasema ondoa tarehe ya kuzaliwa, ondoa miaka ya kumaliza shule, andika kazi za miaka 15 ya mwisho tu. Hoja yao ni kwamba ukishaitwa, uso kwa uso utajitetea. Kazi ya CV ni kukufikisha kwenye kiti.

Kundi la pili linacheka. Utafichaje umri katika nchi ambayo cheti cha kidato cha nne kinaambatishwa? Namba yenyewe ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwajiri akiona miaka imefutwa hata kwenye elimu anajua mara moja kwamba huyu ni mtu mzima, na sasa anaona pia kwamba ni mtu mzima anayejificha.

Kwa maoni yangu kundi la pili lina ukweli zaidi kwa soko letu, ingawa ushauri wa kwanza una sehemu yake. Tarehe ya kuzaliwa haina haja ya kukaa mstari wa pili wa CV. Iache fomu iiulize. Kazi za kabla ya miaka 15 au 20 zikusanywe kwenye mstari mmoja, isipokuwa ile inayofanana na unayoomba. Lakini miaka ya kazi usiifute. Ndiyo mtaji pekee ambao kijana wa miaka 26 hana.

Kinachomtisha mwajiri mara nyingi si umri wenyewe. Anaogopa mtu asiyejua kompyuta, anayetaka mshahara wa zamani, na atakayenuna kupewa maelekezo na bosi aliye mdogo kwake kwa miaka 15. CV inaweza kuijibu hofu ya kwanza waziwazi: taja mifumo uliyotumia na mafunzo ya karibuni, hata ya wiki mbili. Mengine yanajibiwa kwenye barua ya maombi, ambako ndipo mahali pa kueleza kwa aya moja kwa nini unahama. Na barua hiyo, hata kwa Sekretarieti ya Ajira, inakubalika ikiandikwa kwa Kiswahili. Kiswahili fasaha ni bora kuliko Kiingereza cha kuunganisha kwa gundi.

"Siku hizi ni koneksheni tu"

Hoja hii utaisikia kwenye kila kijiwe, na si uongo wote. Mtu mwenye miaka 20 kazini ana watu, na nafasi nyingi za umri huu hupatikana kwa kuambiwa na mtu.

Lakini fuata nafasi hiyo inavyosafiri. Rafiki anakwambia: nitumie CV kwenye WhatsApp, nimpelekee meneja. Meneja anaifungua kwenye simu, ndani ya gari, na wewe haupo kumweleza. Kama ni faili la Word lenye majedwali, limevurugika. Kama linaitwa "CV mpya mwisho kabisa 3", tayari umejieleza. Aliyekupigia debe naye anaaibika. Ipeleke kwa PDF, kurasa mbili, bila jedwali, na faili liitwe kwa jina lako na kazi unayoomba. Majedwali na picha huzisumbua pia programu za kuchuja maombi zinazotumiwa na baadhi ya kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa.

Kuna na ugonjwa mpya. CV zinazoandikwa na ChatGPT zinafanana kama sare za shule: mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi kwenye shinikizo bila usimamizi. Zamani maneno hayo yalitoka kwa kijana wa steshenari, sasa yanatoka kwa mashine, na hayajawahi kumpa mtu kazi. Mashine inaweza kukunyooshea sentensi. Ile habari ya nondo na saruji inabidi itoke kwako.

Vyeti, majina na mwajiri aliyefungwa

Kishawishi cha kuongeza kisichokuwepo kinakuwa kikubwa unapobadili kazi. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wamekaa kazini miaka mingi. Tangu hapo kuhakiki vyeti Baraza la Mitihani si jambo la kushangaza, na anayedanganya akiwa na miaka 46 hana muda wa kuanza upya mara ya pili.

Kwa wanawake hasa, kuna suala la majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina la mume, na cheti cha chuo kina jina la ubatizo. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa ishughulikiwe mapema, kabla tangazo halijatoka, kwa sababu siku 14 za maombi hazitoshi kukimbizana na ofisi.

Wadhamini nao wapigiwe simu kabla ya kuandikwa. Mmoja atoke kwenye kazi ya zamani, lakini mwingine awe anayekujua kwenye ile unayoendea: mwenyekiti wa kikundi, ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mkaguzi aliyewahi kupitia vitabu vyako.

Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka cheti cha utumishi, na wengi hawajawahi kukidai. Kama kampuni bado ipo, rudi ukakiombe. Kama ilishafungwa, kama zile benki tano za 2018, nenda kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, ukachukue taarifa ya michango yako. Ina mwajiri aliyekuchangia na miezi aliyochangia, na inatosha kumwonyesha anayeuliza kwamba miaka 19 ya kaunta haikutungwa.